Matairi Manne ya Ukaguzi

Mjini Songea, enzi zile za ruksa serikali ilipofungua milango ya biashara, kulikuwa na vipanya vitano vya aina moja, yaani vibasi vya abiria, kimoja kikiwa cha mjomba wangu, na ukivijumlisha vyote ulipata gari moja zima. Kimoja kilikuwa na matairi mazuri, kingine taa, kingine waipa na honi inayolia kama honi. Cha mjomba kilikuwa na breki ya mkono inayoshika. Cha tano sijui kilikuwa na nini, ila mwenyewe alikuwa na maneno mengi na hakukosekana kwenye mkutano wowote wa wenye vipanya.

Magari hayo yalikuja nchini yakiwa yameshazeeka kwa watu wengine. Yalitumika Ujapani mpaka wenyewe wakayachoka, yakapitia Dubai, yakashushwa bandarini, na hatimaye yakapanda milima hadi kwetu, ubavuni yakiwa bado na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mjomba alisema chetu kilikuwa gari la shule. Jirani alisema kwa harufu ile lilikuwa gari la samaki. Yote yaliugua magonjwa yaleyale: mlango wa pembeni uliochomoka ukiufungua kwa hasira, rejeta iliyochemka kwenye kila mlima, na gia ya pili iliyoingia ikipenda. Lakini muulize mwenye gari yeyote kati ya wale watano, atakuambia la kwake halina tatizo, ni haya ya wenzake ndiyo mabovu.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani kungoja kazi, wakati serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Nililala kwa mjomba, mtaa wa Mfaranyaki, na kula ugali wake. Yeye mwenyewe alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika la umma alilolitumikia tangu ujana. Kiinua mgongo chote kilikwenda kwenye kile kipanya. Mpango ulikuwa kubeba abiria kati ya Songea na Madaba, na leseni ya njia hiyo isingetoka bila gari kupita ukaguzi. Likifeli mpaka mavuno yapite, mjomba alisema, atauza gari kwa bei yoyote, ataachia nyumba ya kupanga, na wote tutarudi Madaba kulima. Shangazi, mkewe, alikuwa ameshaanza kuulizia mbegu. Kila nilipomwona anaulizia mbegu nilikosa usingizi.

Mara ya kwanza tulikwenda kukaguliwa na gari kama lilivyo. Mkaguzi wa magari alikuwa Mhehe, mtu wa makamo mwenye tumbo na sauti ya kanisani, na mjomba ni Mngoni, kwa hiyo ni watani. Sijawahi kuelewa vizuri mambo ya utani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, kukupora kofia, hata kukuvurugia msiba, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Mkaguzi alilizunguka gari, akapiga teke tairi la mbele, akacheka.

"Hivi nyinyi Wangoni, panya mmewala mkawamaliza porini, sasa mmeanza kuwaendesha?"

"Afadhali panya," mjomba akajibu. "Wewe mbwa wa kituo wanakuona tu wanakimbia wasiliwe."

Wote wakacheka, askari waliokuwa kivulini wakacheka, nami nikafikiri tumepita. Kumbe tumefeli. Matairi vipara, taa ya kushoto imekufa, waipa hazipo, honi inakohoa. Kilichosifiwa ni breki ya mkono peke yake. Nilirudi nyumbani nikihesabu miezi ya mavuno. Mjomba alirudi akipiga mluzi.

"Mjomba, tumefeli."

"Kufeli ni nini? Tutakwenda tena Alhamisi."

"Na gari lilelile?"

"Mwanangu, ukiwa na harusi, masufuria yote ni yako?"

Hapo ndipo nilipojua utaratibu wao. Kama watu wanavyoazimana masufuria na mabenchi kwa harusi au msiba, ndivyo wenye vipanya walivyoazimana vifaa siku ya ukaguzi. Magari ni ya aina moja, kila kitu kinaingia kila mahali. Aliyekuwa na zamu alikusanya taa kwa huyu na waipa kwa yule, akaenda, akapita, akarudi, akagawa. Waliita kuchangiana. Walivyolisema neno hilo ungedhani ni jambo la parokiani.

Nilijaribu kumweleza mjomba kinachonisumbua. Nilisema gari litakalokaguliwa si gari litakalosafiri. Kwamba abiria wa Madaba hawatapanda yale matairi mazuri, watapanda vile vipara vyetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umesoma sana," na akanituma nikaazime jeki.

Matairi yalikuwa ya mzee mmoja mfanyabiashara wa korosho, mtu wa Tunduru aliyehamia Songea, mwenye kanzu safi siku zote hata akiwa gereji. Mapya kabisa, yenye meno ya kushika udongo. Aliyapenda kuliko gari lenyewe. Alitoa sharti moja: gari lake nalo lilitakiwa kukaguliwa siku hiyohiyo, kwa hiyo sisi twende asubuhi, tukipita turudi haraka gereji, matairi yahamie kwake pamoja na waya wetu wa breki ya mkono, naye awahi kabla mkaguzi hajaenda kula.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu alipokuwa anasimamia mafundi.

"Marahaba. Wewe ndiye msomi? Basi kaa karibu na matairi yangu. Mjomba wako simwamini, anaendesha kama anafukuzwa."

Gari lake likaachwa juu ya mawe, na letu likatoka gereji likiwa zuri mpaka nikaona aibu. Taa zote zinawaka. Honi inashtua mbuzi. Njia nzima nilikuwa nawaza: je, mkaguzi akiuliza matairi tumenunua wapi? Nitasema nini? Nikisema dukani, atauliza duka gani. Nikisema sijui, atajua najua. Nilitunga majibu mpaka tukafika, na hakuniuliza hata moja.

Mkaguzi alilisogelea gari, akachuchumaa mbele ya tairi la mbele, akalipapasa kwa kiganja.

"Shikamooni wazee," akayaambia matairi. Kisha akasimama na kumtazama mjomba. "Hawa nawajua. Mwezi huu wamekuja hapa zaidi ya mke wangu. Kila wakija wamevaa gari jingine."

Mjomba alicheka kwa nguvu.

"Mhehe akishiba anaota ndoto mchana!"

"Naota? Basi ngoja niamke." Mkaguzi akamwita askari, akamnong'oneza kitu. Askari akaingia ofisini, akatoka na kopo la rangi nyeupe ya mafuta na brashi ndogo. Mkaguzi akaichukua mwenyewe. Akaandika namba ya gari letu kwenye tairi la kwanza, herufi kubwa, kwa utulivu, akihema kwa sababu ya tumbo. Akahamia la pili. Askari walikuwa wanakufa kwa kicheko. Mjomba naye alikuwa anacheka, maana afanye nini? Ni mtani wake. Nilimwangalia usoni nikaona mdomo unacheka na macho yanatafuta pa kukimbilia.

Alipomaliza la nne akapanguza mikono. "Gari limepita. Zuri sana. Barabarani nimeshawaambia vijana wa kizuizi: gari hili na matairi haya ni mke na mume. Wakiwaona wametengana, walilete hapa."

Tukapewa cheti na stika. Vitu tulivyovitafuta kwa wiki nzima tulikuwa navyo mkononi, na hakuna aliyefurahi.

Gereji, mzee wa korosho alikuwa anatusubiri amesimama, saa mkononi. Aliona namba kabla gari halijasimama.

"Nini hiyo?"

"Rangi tu, mzee wangu," mjomba akasema. "Utani wa Wahehe."

"Mimi si Mngoni! Mimi si mtani wa mtu! Yallah, matairi yangu yameandikwa namba ya panya wako! Sasa nitapita na nini?"

"Utayafuta."

Mafundi wakaleta petroli na matambara. Rangi haikutoka, ilitawanyika tu, tairi la kwanza likawa jeupe upande mzima na namba bado inasomeka katikati yake. Mzee akaketi juu ya boksi la spana. "Astaghfirullah," akasema, mara nyingi, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Wenye vipanya wengine walikuwa wameshafika kuchukua taa na waipa zao. Yule wa maneno mengi akasema kosa ni langu, kwa sababu nilikaa mbele na uso wa mtu mwenye hatia. Wengine wakakubali haraka sana.

Swali likawa hili: ule ulikuwa utani au ilikuwa sheria? Kama ni utani, matairi yahamie kwa mzee, mkaguzi atacheka, atampitisha. Kama ni sheria, tumekwisha. Walibishana mpaka adhana ya adhuhuri, kisha wakaamua nitumwe mimi kuuliza, kwa kuwa nimesoma. Nilikwenda kwa miguu, nikifanya mazoezi ya swali. Nililipanga kwa adabu, likawa refu, na nilipolifikisha mbele ya mkaguzi alikuwa ameshika mguu wa kuku.

Alinisikiliza akitafuna. "Wewe ni mpwa wake?"

"Ndiyo, afande."

"Basi mwambie hivi. Utani ni wangu na mjomba wako. Rangi ni ya serikali."

Nilirudi na jibu hilo. Mzee wa korosho akasimama na kusema anachukua matairi yake sasa hivi, yameandikwa au hayakuandikwa. Alikuwa na haki. Mjomba akasema chukua, ni yako, lakini sauti yake ilikuwa imekatika. Bila matairi yale gari halivuki kizuizi cha barabara ya Njombe, ambayo ndiyo ya kwenda Madaba, na pesa ya kununua mengine haikuwepo. Niliwaza mbegu za shangazi. Fundi akaanza kulegeza nati.

Tairi la kwanza lilipotoka, mzee alilitazama, jeupe na namba yetu juu yake. Akatazama gari lake juu ya mawe.

"Nikilivalisha hili kwangu," akasema polepole, "nami nitakamatwa."

"Utakamatwa," mjomba akasema.

"Kwa hiyo nikiyachukua, kwako yamekufa, na kwangu yamekufa."

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo tangu asubuhi, kwa kweli tangu siku ile ya masufuria, na sikulisema kwa sababu nilikuwa bado nalipima. Sasa likatoka lenyewe, tena kwa hasira: "Si mchanganye! Mna magari mawili mabovu. Tengenezeni moja, liende Madaba kila siku, mgawane!"

Walinitazama kama nimetukana. Kisha wakaanza kugombana upya, ila safari hii waligombania mambo ya maana, na hilo lilinitia moyo kidogo. Hawakubishana kama wachanganye. Walibishana ni la nani litakalobaki juu ya mawe. Mzee alisema watu watasema amefilisika. Mjomba alisema cheti kina namba ya gari lake, yeye afanyeje? Mwishowe mzee alikubali kwa sharti kwamba gari lake lisibaki gereji, livalishwe vile vipara vyetu, lisukumwe hadi uani kwake na lifunikwe turubai vizuri, ili mpita njia adhani limehifadhiwa. Likatolewa rejeta, viti viwili na mlango wa pembeni, vikaja kwetu. Mlango ulikuwa wa bluu, gari letu jeupe. Hakuna aliyejali.

Leseni ya njia ilitoka. Shangazi akaacha kuulizia mbegu. Safari ya kwanza ya Madaba nilipewa kazi ya kukusanya nauli, shahada yangu ikiwa ndani ya bahasha kabatini. Kiti cha mbele, pembeni ya mjomba, alikaa mzee wa korosho na kanzu yake. Hakwenda Madaba kwa shughuli yoyote. Alisema hawezi kuruhusu matairi yake yasafiri peke yake.

Kila kituo alishuka kuyatazama. Aliyapapasa, akatoa vijiwe vilivyonasa kwenye meno, akapanda. Abiria wakashusha magunia, akashuka tena. Nilitamani kulia. Kwenye mlima mrefu rejeta, ambayo mzee aliapa kwamba haijawahi kuchemka, ikachemka. Mvuke ukajaa mbele. Mjomba akasimamisha gari pembeni ya lami na kuvuta breki ya mkono. Ilishika.

Mzee akashuka, akazunguka matairi yote manne.

"Yakoje?" mjomba akauliza kupitia dirishani.

"Hayana neno. Gari lako je?"

"Rejeta ni yako."

"Ilipokuwa kwangu haikuchemka."

"Ilipokuwa kwako gari lilikuwa halitembei!"

Mama mmoja aliyekuwa amepakata kuku nyuma akatoa kichwa kwenye ule mlango wa bluu. "Jamani baba zangu, tunakwenda Madaba, au tumekuja kukagua?"

Nilichukua dumu nikashuka bondeni kutafuta maji, na hata nilipofika chini niliwasikia bado wanabishana.