Matembezi Yasiyo na Soko

Tulikuwa kwenye ofisi ya mizigo Sanyuanli, kwa Wachina, tunasubiri marobota yetu yapimwe, mama mmoja mfanyabiashara wa Dar akapigiwa simu ya video na bintiye anayeishi Uskoti. Binti alikuwa akitembea kando ya mto, bondeni. Akageuza simu ili mama aone maji na vilima.

“Tangu niolewe huku hujaja hata mara moja, mama. Njoo tutembee. Njia ni tambarare, hutachoka.”

“Huko mwisho kuna nini?”

“Hakuna kitu. Ukifika, unageuka unarudi.”

Mama akatutazama sisi wengine kana kwamba tumtafsirie. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka soko la Zhanxi na toroli la viatu, na sasa alikuwa amevua vyake, anajikanda vidole.

“Miguu yangu haiwezi matembezi, mwanangu.”

Binti akairudisha simu usoni pake. Halafu akasema, taratibu, “Nilisahau. Mwisho wa njia kuna kiwanda cha masweta ya sufu. Wanauza jumla.”

Mama akarudisha miguu kwenye viatu. “Si ungesema mapema. Viza yao inachukua muda gani?”

Sisi wafanyabiashara hujisifu kwamba tumeiona dunia, na kweli tumeiona, duka kwa duka. Yule binti anamjua mama yake. Mimi niliangalia vizuri nyuma yake, sikuona kiwanda. Niliona kondoo tu, na wote bado walikuwa wamevaa sufu yao.