Jangwa la Namatala

Tuliondoka Jinja kwenda Mbale kwa sababu ya macho ya mama mkwe wangu, Bi Zaituni, aliyekuwa akiishi huko. Yalikuwa yanaingia utando, naye alitaka, kabla hayajazima kabisa, ajione kwenye picha amekaa jangwani, njia ya Makka. Kwenda Hija kwenyewe, miaka ile ya wanajeshi, sisi wa kwetu tungeanzia wapi? Lakini mume wangu Sadiki alikuwa mpiga picha hapo Mpumudde, na studio yetu ilikuwa na pazia la jangwa: ngamia watatu, mtende mmoja, jua kama chungwa. Tukalikunja, tukalifunga kamba. Filamu ilikuwa adimu. Kwenye kamera zilibaki picha mbili tu.

Asubuhi tulipanda gari la abiria la Wafula. Tulipopita Iganga tukakuta kizuizi. Koplo mmoja, Yusufu jina lake, akaligonga pazia kwa bunduki.

"Hii nini? Ramani?"

"Jangwa, afande," Sadiki akasema. "La kupigia picha."

"Jangwa inakunjwa? Fungua!"

Tukalitandaza ubavuni mwa gari. Siku zile kamera tu ilitosha kukufanya jasusi. Kumbe koplo katamani. Akanyoosha kofia, akasimama kati ya ngamia. "Piga. Mama yangu aone mimi nimefika mbali."

Sadiki akapiga. Nikaanza kukunja pazia.

"Wacha, mama. Hii inabaki. Wenzangu pia wako na mama."

Mchana tukafika Mbale, mtaa wa Namatala. Bi Zaituni alikuwa amevaa nguo nyeupe tangu alfajiri.

"Jangwa langu liko wapi?"

"Limekamatwa, Mama," Sadiki akajibu.

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaipangusa vumbi nguo yake nyeupe, na hilo ndilo lililomchoma mwanawe. Sadiki akatoka, akaenda mtoni, pale wanapochimba mchanga wa kujengea. Nilimkuta amelala kifudifudi, shavu chini.

"Njoo utazame, Mariamu. Kwa karibu hivi, ni milima."

Tukamkalisha Mama mbali, nyuma ya malundo. Jirani yake Nambozo, aliyekuwa akifua, akaita: "Bi Zaituni, unauza mchanga siku hizi?"

"Niko Makka! Usinisemeshe!"

Sadiki akalala tena kifudifudi, akapiga ile moja iliyobaki.

Kesho yake rafiki yetu Mugoya alitusafishia picha dukani kwake mjini. Wallahi, lilikuwa jangwa! Milima ya mchanga, na kule mwisho mtu mdogo mweupe. Ila hapa mbele, mkubwa kushinda ngamia, unyayo wa bata.

Sadiki akachukua penseli aufiche. Mama akaivuta picha hadi puani.

"Huyu ni bata wa Nambozo. Usimguse! Bila yeye nitajuaje njia ya kurudi nyumbani?"

Tuliporudi tulimpa Koplo Yusufu picha yake. Pazia hatukuliona tena. Mama naye, hata macho yalipozima, alikuwa akiwaonyesha wageni kwa kidole mahali bata alipokanyaga, wala hakosei.

Mimi wajukuu wamenipeleka Hija uzeeni, Sadiki na mama yake wakiwa udongoni. Basi liliposimama njiani, wenzangu walitazama milima ya mbali. Mimi niliinama, nikausogelea mchanga kama Sadiki alivyonifundisha, nikatafuta unyayo wa bata wa Nambozo.