Kigari cha Zuhura na betri ya taa za dagaa

Jamani, kwa bahati hakuna wa kunifikia Ujiji nzima!

Leo nimeokota betri ya taa za kuvulia dagaa, nzima kabisa.

Nikaifunga kwenye kigari cha umeme cha binti yangu Zuhura, maana betri yake ilikuwa haimfikishi hata mlangoni.

Fundi mimi! Sikujua tu kwamba hii ina nguvu mara mbili.

Zuhura kakanyaga, kigari hicho, mbio kuelekea ziwani! Nami nyuma na kandambili moja.

Aliyemdaka ni shemeji yangu mvuvi, maji yakimfika magotini.

Kamkumbatia mtoto, kisha kainamia kigari.

"Shemu, hii si betri yangu?"

Semeni, nimjibuje?

Maana sikuokota. Nimeichomoa mwenyewe mtumbwini kwake.