Baba Mkubwa Alisoma Watoto Wanne, wa Tano Nilikuwa Nimekaa Pale Pale

Admin naomba unifichie jina, halafu unisamehe. Uliponijibu "andika tu dada" watu walikuwa wanapanda pamba, leo inavunwa ndiyo naandika. Nina mtoto wa miezi saba ananyonya, na mwingine wa miaka minne. Nashona sare za shule hapa Bariadi mjini, na kila nikishika simu niandike, nasinzia. Leo sisinzii. Leo nina hasira.

Nina miaka ishirini na sita. Mama yangu ni mkulima wa Nkoma. Baba alikuwa mwanajeshi, kwao Nkololo, na hawakuwahi kuoana. Nilimwona mara moja tu, nikiwa darasa la tatu. Alikuja na baiskeli ya kuazima, akaniambia nimsomee kitabu changu cha shule. Nikasoma ukurasa mzima, yeye ametulia anasikiliza. Akaniachia picha yake akiwa na sare, nyuma kaandika namba yake ya jeshi. Hakurudi tena.

Mwaka jana akafariki. Nilienda kuzika nikiwa na mimba ya huyu mdogo. Wasifu wa marehemu alisoma kaka yake, baba mkubwa, mwalimu mstaafu. Ukoo ule kila akifa mtu yeye ndiye anaandika wasifu, na kopi anagawa. Akasoma kwamba marehemu ameacha mjane na watoto wanne, akawataja majina. Nilikuwa nimekaa chini na wanawake wengine, namsikiliza. Nikajiambia labda amesahau.

Hakusahau. Matanga yalipoisha nilimfuata kwake, nikapiga goti, nikamwamkia "mwadila baba" kama mama alivyonifundisha. Hakuitikia. Nikamwonyesha picha, akasema picha za askari ziko kila nyumba. Akasema kipindi mama anapata mimba yangu mdogo wake alikuwa kambini kusini, mwaka mzima hakukanyaga Simiyu. Akaongeza, mbele ya wakwe zake, kwamba mama yangu akumbuke vizuri, wanaume wa mnadani walikuwa wengi. Wale wakwe wakacheka. Kicheko kile ninacho mpaka leo.

Nikaenda ofisi ya jeshi kuulizia kumbukumbu za baba. Nikaambiwa ziko makao makuu, niandike barua, niambatanishe cheti cha kuzaliwa. Cheti changu pale pa jina la baba pana mstari tu. Mzee mmoja pale ofisini akanionea huruma, akanieleza kwamba askari anaandika watoto wake kwenye faili, na hata likizo inaandikwa ameenda wapi na kwa sababu gani.

"Kama alikuandika, mwanangu, upo," akasema. "Ila watataka ndugu wa marehemu akutambue kwanza."

Ndugu mwenyewe ndiye huyo huyo.

Aliyenisaidia ni shangazi, dada yao wa mwisho. Anatunza karatasi za wasifu za misiba yote ya kwao kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge. Akanipa lundo zima, akasema nitafute mwenyewe, yeye hataki kugombana na kaka yake. Nilisoma huku nanyonyesha. Nikafika kwenye wasifu wa babu mzaa baba, enzi hizo baba mkubwa anaandika kwa mkono. Alitaka watu wajue babu aliuguzwa na wanawe wenye kazi zao, basi akamwaga kila kitu: kwamba mwanawe askari alipewa likizo ya mwezi mzima, akaja Nkololo, akamuuguza baba yake mpaka akakata roho mwezi wa sita, watu wakiwa wanauza pamba. Nikatazama mwaka. Mimi nilizaliwa mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata.

Nikarudi kwake na ile karatasi. "Baba mkubwa, huu mwandiko ni wa nani?"

Akavaa miwani, akaisoma taratibu mpaka mwisho, akaikunja. Nikaichukua mkononi mwake kabla hajaitia mfukoni.

"Hata kama," akasema. "Ng'ombe za mahari hazikutoka kwetu. Mtoto asiyetolewa ng'ombe ni wa kwao mama yake."

"Mwanzo ulisema mimi si damu yenu. Sasa unasema sikutolewa ng'ombe. Hayo ni maneno mawili."

Akaniambia niondoke na umalaya wa mama yangu.

Mila naijua. Mimi ni wa kwa babu mzaa mama, wamenilea, sidai boma wala shamba la mtu. Nyie mnaojiandaa kuandika kwenye komenti kwamba nataka urithi, pumzikeni. Pamba ikishauzwa wanajengea kaburi la baba, na jiwe litaandikwa majina ya watoto. Nataka langu liwepo, ili mama yangu aache kuitwa mwongo. Mwenyewe ananiambia, "Ng'wanawane, mwanangu, acha, nimeshazoea." Hapo ndipo panaponiuma, kwamba amezoea.

Nishaurini. Siku hiyo ya kaburi, baba mkubwa akianza kusoma wasifu, nisimame na karatasi ya babu mbele ya watu wote, au ninyamaze kwa ajili ya mama? Ushauri wa kusamehe msinipe, ninao wa kutosha.

Na kama mna cha kunitumia, mpeni Admin, namba ya jeshi ya baba anayo. Naomba mfano wa barua ya makao makuu kutoka kwa mtu ambaye cheti chake hakina jina la baba akafanikiwa. Naomba aliyekaa naye kambini, kama aliwahi kumsikia akitaja binti wa Nkoma, aandike hayo kwa mkono wake na kusaini. Naomba kopi nzima ya wasifu wa bibi mzaa baba, ya shangazi imeliwa na mchwa kuanzia pale panapotajwa wajukuu. Na picha yoyote ya msiba wa babu ambayo baba anaonekana, hata kama kageuka.