Tafsiri za Bi Mahbuba

Kila baada ya sala ya alasiri Bi Mahbuba alivuka barabara pale Sib, Omani, kwenda kwa dada yake, Mwanamize, kumtafsiria. Mwaka 2007 huo, na wanawake wa mtaa mzima wameshikwa na tamthilia ya Kikorea ya jumba la kifalme, iliyotiwa sauti za Kiarabu cha khutba. Mwanamize alihama Unguja akiwa mtu mzima. Kiarabu chake kiliishia sokoni. Mahbuba, mwalimu mstaafu, alikijua chote.

Ila Mwanamize ana presha, na kwao mwenye presha hapewi habari kavu kavu. Hata maiti akishazikwa, yeye huambiwa kwanza kuwa mgonjwa kazidiwa. Basi sumu kwenye supu, kwa Mahbuba, ilikuwa dawa ya tumbo. Waziri aliyenyongwa alihamishiwa mkoani. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya huyu ilifika miezi minne, na mwenyewe akiona raha.

Raha iliisha mfalme alipoanza kumpigia magoti mama yake ampe muhuri wa ufalme. Wiki ile ile Badr, mtoto pekee wa Mwanamize, alianza kukaa chini kumkanda mama yake miguu, yeye ambaye hata Idi huja kwa kuchelewa. Kisha Mahbuba akamkuta mwanamume asiyemjua anapima ukuta wa ua kwa futi. Badr akasema fundi. Fundi gani na kanzu ya pasi na viatu vinavyong'aa? Mahbuba aliogopa, na hakusema. Mama mdogo si mtu wa kuingia baina ya mama na mwana, alijiambia. Na presha ile. Nitamwambia kesho, polepole.

Kwenye televisheni, mama wa mfalme akautoa muhuri.

"Sasa mwanawe anasemaje?" aliuliza Mwanamize.

"Anamshukuru. Atamjengea nyumba ya kupumzikia, ina bustani."

"Mwana mwema," alisema Mwanamize.

Siku ya tatu Mahbuba alikuja amekwisha kukata shauri la kusema. Alimkuta dada yake mchangamfu, kavaa leso mpya.

"Badr kaja asubuhi na waraka wa wakala, nyumba yote aisimamie yeye. Nlikuwa nnasita, mdogo wangu. Nkamkumbuka yule mama. Nkatia dole."

Mahbuba akakaa kitako. Tamthilia ilikwisha kuanza. Yule bibi alikuwa ndani ya kijumba nyuma ya jumba, na nje askari wanaupigilia mlango mbao.

"Mbona analia? Na hizo mbao za nini?"

Mahbuba alitafuta bustani, hakuiona.

"Wanamfungia, dada. Tangu alipotoa muhuri. Mimi ndiye sikukwambia."

Mwanamize hakumtazama. Alilitazama dole gumba lake, lenye wino bado, akawa analifuta kwa ncha ya leso mpya.