Siku Chinchila Aliponiachia Manyoya Mkononi

Jamani, chekeni tu, maana aibu niliyoipata Wajir mbele ya wazee waliokuja kuposa hunitoa jasho hadi leo.

Nilikuwa mwalimu mgeni kutoka Machakos, miaka ile ya tisini ndege za chakula cha msaada zilipokuwa zikitua kila mara, na jirani yangu wa ua mmoja alikuwa rubani Mzungu, Erik (mtu mpole, anakula ugali kwa uma), aliyefuga chinchila, yaani kamnyama kama sungura mdogo, masikio ya panya, mkia wa kindi, asili yake milima ya baridi ya Amerika Kusini, na manyoya yake, jamani, mazito na laini hata ukizamisha kidole hukioni tena. Jina lake Malkia.

Erik akasafiri, akaniachia. "Mwalimu, usimloweshe, usimweke juani, joto litamuua." Namna ya kumshika hakusema (na mimi sikuuliza).

Asubuhi moja nikaona nyuma ya sikio pamenyonyoka, duara lenye magamba meupe, nikajua ni choa, kwani wanafunzi wangu walikuwa nacho vichwani na dawa ya kupaka ninayo. Sasa, chumbani, madirisha yamezibwa joto lisiingie, kulikuwa na giza, nikaona heri nimtoe kibarazani hivyo hivyo, leso nimejifunga juu ya shimizi, kabla jua halijawaka. Uamuzi mdogo tu huo! Uani, jirani yetu Habiba alikuwa na wazee mkekani, wamekuja kumposa binti yake.

"Mwalimu, hiyo banya yako iko na nini?" akaniuliza Habiba.

"Si panya, dada, ana choa tu, namtibu sasa hivi," nikajibu kwa sauti ya daktari mkuu, wazee wasikie.

Malkia akajipindua, nikambana kiunoni, nikambana sawasawa, na ghafla ngumi yangu imejaa manyoya na mnyama hayumo.

"Wallahi amemchuna!" Habiba akapiga yowe. "Mwalimu amemchuna hai!"

Malkia, ubavu mmoja mtupu, akaruka juu ya birika la chai, akakanyaga bega la baba wa kijana, kilemba chini, nami nyuma yake katikati ya wageni, manyoya mkononi, naita "Malkia! Malkia!" huku nalia, maana nilijua nimemuua mnyama wa watu na posa nimeiharibu.

Akafika penye jivu la jikoni lililopoa. Akajitumbukiza, akajiviringisha kwa kasi ya pia, vumbi likapanda kama moshi. Alipojipukuta akasimama kwa miguu ya nyuma, manyoya yaliyobaki yanang'aa kama hariri, na pale penye upara sikuona hata tone la damu. Mimi niliyekuwa najiita mtabibu nikainama nikaangalia tena.

"Subhanallah," alisema yule mzee wa kilemba, polepole. "Kiumbe kinaoga na fumbi, kinatoka safi hifi."

Hakuna aliyecheka. Kisha mzee akageuza uso, akakohoa. "Mwalimu... nguo."

Nikajitazama. Leso ilikuwa imebaki kibarazani. Nilikuwa nimesimama mbele ya wakwe wa watu nimevaa shimizi tu!

Posa ilikubaliwa, alhamdulillahi, ingawa harusini wanawake waliniita Mwalimu Mchunaji. Erik aliporudi nilimpa yale manyoya ndani ya bahasha. Hakunigombeza. Akasema, "Akishikwa kwa nguvu huyaachia, adui abaki nayo, yeye aokoe roho. Yataota." Na yaliota. Choa nacho tulikipaka dawa kwa pamba, Malkia ametulia mapajani kwa hiari yake, kikapona taratibu.

Tangu hapo nimeapa sishiki mnyama kwa nguvu, hata paka. Nakaa chini, nafungua kiganja, nangoja. Asipotaka kuja, basi, dawa itangoja pamoja nami.