Mlinzi wa Jua na Doa Lisilohama

Watu wengi huogopa usiku. Mimi naogopa saa sita mchana.

Usicheke kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, kisha kama una mtoto nyumbani, nenda ukamuulize leo ametazama nini.

Nilifundisha sayansi miaka kumi na moja. Chaki ikanichosha, nikaingia kwenye ofisi moja ndogo iliyokuwa inatengeneza tovuti ya kuwafundisha vijana habari za jua na vyombo vinavyotumwa kulichunguza. Vyumba viwili tu, juu ya duka la rangi. Ukipanda ngazi asubuhi, harufu ya rangi unapanda nayo.

Kazini tulikuwa wawili. Mimi naandika masomo. Mwenzangu ni fundi wa kompyuta, tulimwita Nyaya, maana mifuko yake haikukosa waya wa kuchajia kitu fulani.

Tovuti ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Mtoto anarusha chombo chake kuelekea kwenye jua, anakichagulia ngao, anaona kinaungua kikifika wapi. Kila asubuhi tunaweka picha mpya ya jua kutoka angani.

Halafu kulikuwa na zoezi nililolibuni mwenyewe. Walinzi wa Jua.

Lilikuwa rahisi. Unatoboa tundu dogo kwenye boksi. Mwanga unapita tunduni, jua linajichora dogo kwenye karatasi, na wewe unachora unachokiona pale kwenye karatasi. Juu huangalii kabisa. Unafanya hivyo saa sita mchana, siku ishirini mfululizo. Mchoro unaupiga picha, unatuma. Ukimaliza unapata nishani.

Nishani yenyewe ya kwenye skrini tu. Lakini watoto waliililia kama peremende.

Walijiandikisha watoto mia tatu na kumi na wawili.

Mmoja alijiita Mlinzi Namba Moja.

Huyu hakuchelewa hata mara moja. Saa sita na dakika saba, ting, mchoro umeingia. Ungeweza kurekebishia saa yako.

Siku ya kwanza alituma duara safi, na maneno chini: "Ni zuri sana."

Siku ya sita, katikati ya duara kulikuwa na doa jeusi. "Leo nimeona doa."

Nilifurahi. Jua lina madoa kweli, wakati mwingine makubwa. Nikafungua picha ya angani ya siku ile nilinganishe.

Jua lilikuwa jeupe pe. Halina doa wala kasoro.

Nikasema, aah, mtoto huyo, vumbi limeingia kwenye karatasi.

Siku ya saba, doa. Siku ya nane, doa. Mahali pale pale, katikati kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kukuna kichwa. Jua linazunguka. Doa likitokea upande mmoja, linatembea polepole, na wiki mbili haziishi limeshazama upande wa pili. Halikai sehemu moja kama msumari.

La huyu lilikaa.

Siku ya tisa: "Halisogei, mwalimu. Linaniangalia."

Siku ya kumi na moja: "Nikiangalia ukuta, lipo ukutani."

"Ana kipaji huyu," Nyaya alicheka. "Anatutungia hadithi ya kutisha. Si unaona wenzake wanavyomiminika kumsoma?"

Kweli walimiminika. Chini ya michoro yake watoto walijaa, mmoja anasema na yeye kaliona, mwingine anasema haingii tena kwenye tovuti, jua lina jicho. Bosi akapiga simu kutupongeza. Hatukuwahi kupata wageni wengi vile.

Na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Siku ya kumi na nne: "Leo doa limekula uso wa mama."

Hapo kicheko kikakata.

Nililala vibaya, nikaamka vibaya. Siku tatu nilikuwa naangalia saa ya ukutani kuanzia saa tano na nusu. Kila saa sita na dakika saba, ting. Doa limekua. Mistari imepinda, kama imechorwa na mtu anayepapasa.

Na kila mchoro ukiingia, tovuti inamjibu yenyewe, kwa herufi kubwa za manjano: HONGERA, MLINZI! USIKOSE KESHO.

Siku ya kumi na nane nikafungua fomu yake ya kujiunga. Binti wa miaka kumi na miwili. Kulikuwa na namba ya mwalimu wake. Nikapiga, ilikuwa saa sita kamili.

"Yule binti?" Mwalimu akashusha pumzi. "Hatunaye tena, mwenzangu. Wiki ya pili sasa hii. Imetuuma sana. Alikuwa wa kwanza darasani."

Kabla sijauliza zaidi, simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani.

Nyaya aliniona nilivyobadilika. "Vipi?"

"Mlinzi Namba Moja," nikasema. "Amefariki. Wiki mbili zilizopita."

"Acha masihara."

"Mwalimu wake ndiye kaniambia."

Chini dukani mtu alikuwa anakoroga rangi, tunasikia fimbo inagonga kopo. Juu ya meza feni inazunguka. Hakuna aliyeangalia saa, lakini wote tulijua ni saa ngapi.

Ting.

Nyaya akanyanyuka kwenye kiti kama kachomwa. Mchoro ule ulikuwa doa tupu, ukingo mwembamba wa jua umebaki pembeni. Chini yake: "Mwalimu, sasa linakula na herufi. Nimebakiza siku mbili."

HONGERA, MLINZI! USIKOSE KESHO.

"Basi marehemu ana bando," Nyaya akasema. Alitaka iwe mzaha. Sauti haikumsaidia.

Kesho yake asubuhi tulikwenda. Fomu ilisema: nyumba ya fundi cherehani, nyuma ya ghala la matairi. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama aliyefiwa, na namna ya kumuuliza nani ana simu ya mwanawe.

Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja amekaa nyuma ya cherehani, sare za shule zimemzunguka mpaka magotini. Alikuwa anajaribu kutunga uzi kwenye sindano, analamba uzi, anakosa, analamba tena.

"Karibuni," akasema. "Karibuni ndani."

"Asante, mama. Tumetoka kwenye ile tovuti ya jua. Pole sana," nikasema. "Pole na msiba."

Sindano ikasimama.

"Msiba gani tena?"

Na hapo, kutoka kwenye kona nyuma ya pazia, nikasikia sauti nyembamba:

"Shikamoo, mwalimu. Wewe ndiye mwalimu wa jua? Mama, ni mwalimu wa jua!"

Nikashika fremu ya mlango. Nyaya ndiye aliyeitikia marahaba kwa niaba yangu.

Alikuwa hai. Mwalimu wake aliposema hatunaye, alimaanisha ameacha kuja shule. Mimi ndiye niliyemzika.

Akatoka nyuma ya pazia. Binti mwembamba, nywele zimesukwa vizuri, simu ya mama yake mkononi. Lakini hakuniangalia usoni. Aligeuza kichwa pembeni, kama kuku anavyokutazama, akanitafuta kwa pembe ya jicho.

"Mbona unaniangalia hivyo, mwanangu?"

"Nikikuangalia moja kwa moja, doa linakufunika."

Mama yake akaweka sindano chini. "Ndivyo alivyo, wiki ya pili sasa. Yeye ndiye alikuwa ananitungia uzi, macho yangu yamechoka. Siku moja akashindwa. Nikamgombeza, nikajua uvivu. Kisha akasema haoni ubaoni. Majirani wanasema ameingiliwa na kitu, eti niache, kitatoka chenyewe."

Nilikuwa nimeshaelewa, lakini nilitaka nisikie mwenyewe.

"Boksi lako liko wapi? Lile lenye tundu?"

"Boksi gani, mwalimu?"

"Sasa jua ulikuwa unalichoraje?"

Akashangaa, kana kwamba nimemuuliza miguu ni ya nini.

"Nilikuwa nalitazama."

Doa halikuwa kwenye jua. Doa lilikuwa ndani ya macho yake.

Mwanzoni, alituambia, alikuwa anahesabu mpaka ishirini. Doa lilipotokea akawa anahesabu mpaka hamsini, alione vizuri, asije akatuletea mchoro wa uongo.

Tulimpeleka hospitali ya macho siku ile ile. Saa sita ilitukuta kwenye benchi la kusubiri. Akaomba atoke nje mara moja tu, asipoteze siku. Mama yake alimkumbatia kwa nguvu mpaka binti akapiga kelele.

Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akarudia la kwanza.

"Huku nyuma ya jicho hakuna maumivu," akatuambia. "Panaungua kimya kimya. Angeumia, angeacha. Nani alimwambia atazame jua?"

Binti akainua simu. "Tovuti."

Simu ya mama yake ilikuwa kuukuu. Maelezo yote ya boksi na tundu na hatari yalikuwa kwenye video, na video haikufunguka kwenye simu ile hata siku moja. Alichokuwa anakiona ni kitufe kimoja tu, chekundu, kikubwa:

TAZAMA JUA. CHORA. TUMA.

Nilimgeukia Nyaya pale pale koridoni. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwita muuaji. Mimi niliandika "Tazama taswira ya jua kwenye karatasi", nakumbuka kama jana, nani kakwambia ukate maneno yangu?

Aliinama tu.

Tulirudi ofisini, akafungua kompyuta, akanionyesha kumbukumbu za mabadiliko. Kila neno linalobadilishwa kwenye tovuti huandikwa pale: siku, saa, na nani kalibadilisha.

Yalikuwa maneno yangu kweli. Na mkato ulikuwa wangu.

Jina langu. Siku moja kabla ya kufungua tovuti. Nikakumbuka: maneno yalikuwa hayaenei kwenye simu ndogo, yanatoka nje ya kitufe, yananikera macho. Nikafuta manne. Kazi ya sekunde tatu, nikaenda kunywa chai.

Nyaya alisogeza kiti karibu. "Hii inafutika," akasema kwa sauti ya chini. "Nikibonyeza hapa, hakuna atakayejua. Hata bosi. Mama yule anajua tu kwamba umemsaidia mwanawe. Anakuombea dua."

Nitakuwa mkweli. Nilifikiria. Nilifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikazima kompyuta mwenyewe, nikamwambia asiiguse.

Nilirudi nyumbani kwa yule mama kesho yake. Nikakaa chini, katikati ya sare, nikamweleza yote. Nani alikata maneno, na kwa nini. Na jinsi nilivyosoma "limekula uso wa mama" nikakaa siku tatu nzima nikiangalia saa.

Hakulia. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Alisema tu: "Dada, mimi sikusoma. Nilipomwona amesimama juani kila siku, nilimuuliza, unafanya nini? Akaniambia, mwalimu kasema. Basi nikarudi ndani. Wewe ndiye niliyekuamini."

Akaendelea kushona.

Zoezi tulilifunga. Bosi aling'aka, akakubali. Mimi na Nyaya tukashika simu, tukapigia nyumba zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, siku nne.

Wengi video iliwafungukia, walikuwa na boksi. Wachache walijaribu kutazama juu, macho yakajaa machozi, wakaacha siku ile ile. Mvulana mmoja aliyekuwa ametuma michoro kumi na saba nilimbana sana, mpaka akaanza kulia.

"Nilidanganya, mwalimu," akasema. "Sijawahi hata kutoka nje. Nilikuwa nachora kitandani. Naomba usimwambie baba."

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi, katikati ya harufu ya rangi, nikalia kwa furaha. Sijawahi kushukuru uongo wa mtoto namna ile.

Sasa ni mwaka wa pili. Jicho la kushoto la binti limerudi karibu lote. Amerudi shule, anakaa dawati la mbele. La kulia bado lina doa, na daktari hatudanganyi: huenda likabaki. Mama yake huniita nikipita, hunipa kiti. Hajasema amenisamehe, na mimi sijamuuliza.

Wewe unayesoma, kama kazi yako ni kuwaelekeza watoto wa watu, iwe darasani, iwe nyumbani, iwe kwenye skrini, chukua hili moja kwangu. Mtoto mtundu ataokolewa na utundu wake. Mvivu ataokolewa na uvivu. Mwongo atachora kitandani. Lakini mtiifu hana kinga nyingine ila maneno yako. Yapime kabla hujayatuma, kwa sababu yeye hatayapima. Atayafuata.

Katika watoto mia tatu na kumi na wawili, aliyeumia ni yule aliyefanya nilivyosema.